Kisii Niliyoisomea, na Kisii Atakayoisomea Binti Yetu

Katika nyumba nyingi za Pwani, furaha ya binti kupata nafasi ya chuo kikuu hudumu mpaka pale jina la mji linaposomwa. Akipangiwa Mombasa au Kilifi, vigelegele huendelea. Akipangiwa mji wa bara, sauti hushuka na maswali huanza. Atakula nini? Ataswali wapi? Nani atamwangalia akiugua? Maswali haya ni ya haki, kwani hutoka katika mapenzi. Tatizo ni kwamba aghalabu hujibiwa na watu wasiopata kufika huko, na jibu lao huwa ni lile lile: mtoto wa kike abaki nyumbani.

Mwaka huu swali hilo limeingia katika nyumba yetu wenyewe. Binti wa ndugu yangu amepangiwa Chuo Kikuu cha Kisii kusomea ualimu. Baba yake hakukataa wala hakukubali. Aliniambia, "Dada, wewe ulikaa huko. Nenda naye ukaone kwa macho ya leo, kisha urudi unieleze." Basi tukafunga safari, mimi na yeye, na haya ndiyo niliyoyaona. Nayaandika kwa kuwa najua nyumba yetu si ya pekee yenye shughuli hii.

Mimi niliingia Kisii mwaka 1986, wakati chuo hicho kilikuwa chuo cha ualimu. Kilianza mwaka 1965 kikifundisha walimu wa shule za msingi, kisha mwaka 1983 kikapandishwa kufundisha walimu wa sekondari. Baadaye kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Safari ya wakati ule ilikuwa ya siku mbili. Tulipanda gari la moshi Mombasa magharibi, tukaamka na baridi ya Nairobi, kisha tukapanda basi lililopitia Nakuru na Kericho. Safari hii tuliondoka kwa reli mpya iliyoanza kazi mwaka 2017, tukalala Nairobi, na asubuhi yake tukashika njia ya Narok na Bomet. Masafa hayakupungua, kutoka Mombasa hadi Kisii ni takriban kilomita 800. Kilichopungua ni uchovu.

Mtu wa Pwani anayekwenda huko kwa mara ya kwanza hushangazwa kwanza na ardhi. Sisi tumezoea nchi tambarare inayoishia baharini. Kule nchi haitulii: ni kilima juu ya kilima, na kila kilima kimelimwa mpaka kileleni. Hakuna pori wala uwanda mtupu. Ukipita Sotik na kuingia Keroka, mji ambao nusu yake iko Kisii na nusu iko Nyamira, utaona migomba, chai, mahindi na nyumba vimeshonana kama viraka vya nguo moja. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika kaunti ya Nyamira, nazo ni kaunti ndogo kwa eneo. Nilipokuwa mwanafunzi, Nyamira ilikuwa bado ni sehemu ya wilaya ya Kisii. Shamba ambalo wakati ule lilikuwa la mzee mmoja, leo limegawanywa kwa wanawe, na wanawe wamewagawia wao. Ndiyo maana wenyeji wa huko huwasomesha watoto wao kwa bidii kubwa. Wanajua kwamba ardhi ya kurithisha haitatosha, na elimu ndiyo urithi usiokatwa vipande.

Jambo la pili ni mvua. Kisii hunyeshewa karibu mwaka mzima, na mara nyingi mvua huja alasiri. Niliyakuta mawe ya barafu yakianguka kutoka mbinguni katika mwezi wangu wa kwanza, nikakimbilia chini ya meza huku wenzangu wakicheka na kuyaokota. Binti yetu naye alipewa mapokezi hayo hayo siku yetu ya pili mjini. Yeye hakukimbia; alitoa simu akapiga picha.

Mji wenyewe una majina zaidi ya moja. Wazee huuita Getembe, na wengine huuita Bosongo, yaani mahali pa wazungu, kwa kuwa ndipo Waingereza walipoweka makao yao ya utawala. Hawakukaa kwa amani. Mwaka 1908 kijana mmoja aitwaye Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, na nyuma ya kijana yule alikuwapo mwanamke, Moraa wa Ngiti, aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali: watu waliuawa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa.

Nilimsimulia binti yetu habari hii tulipokuwa tukitembea mjini, kisha nikamweleza kwamba sisi wa Pwani tuna sehemu yetu katika historia ya mji huu. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewakabili Waingereza huku kwetu, alikamatwa mwaka 1913 na kuhamishiwa Kisii pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Waliomhamisha walikusudia kumtenga na watu wake kwa umbali. Mwaka uliofuata alitoroka akarudi Pwani kwa miguu, akikata nchi na misitu ambayo sisi tuliipita tumekaa kitini. Binti alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe mimi si wa kwanza kupelekwa Kisii." Nikamwambia, "Wala hukufungwa. Wewe umepewa nafasi."

Sasa nije katika yale maswali ya wazazi.

Swala kwanza. Kisii ni nchi ya Wakristo, wengi wao Wakatoliki na Wasabato. Lakini Uislamu ni mkongwe mjini. Kuna msikiti, na kuna jamii ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Kiingereza na kuachwa katika miji mbalimbali ya Kenya, Kisii ikiwamo. Mimi na mabinti wenzangu watatu wa Kiislamu tulipokuwa chuoni, akina mama wa Kinubi ndio waliotupokea. Siku ya Ijumaa ya kwanza walituona tumekaa pembeni, wakatuuliza nyumbani ni wapi, na tangu siku ile hatukukosa pa kula Sikukuu. Walituzoesha gurusa, mkate wao mwembamba wa kumimina, wenye udugu na chapati zetu za maji. Nao walipenda sana kutusikia tukisema Kiswahili cha Mombasa, wakituomba turudie maneno.

Ramadhani yangu ya kwanza huko ilinifundisha jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikuwa na ratiba niliyopewa nyumbani, iliyopigwa kwa saa za Mombasa. Mama mmoja wa Kinubi aliiona ukutani akacheka, akasema kwamba jua la Kisii halitii karatasi ya Mombasa. Ni kweli. Kisii iko mbali upande wa magharibi, na jua huchwa huko karibu dakika 20 baada ya kuchwa Mombasa. Kadhalika alfajiri huchelewa kwa kiasi hicho. Aliyefunga kwa saa za Mombasa angefungua mchana. Nimempa binti yetu wasia huu kabla ya wasia mwingine wowote: ukifika mahali, fuata jua la mahali hapo.

Chakula, pili. Wasabato hawali nguruwe wala hawanywi pombe, kwa hiyo katika nyumba zao nyingi nilikaa bila wasiwasi wa mambo hayo. Nyama nilikula mjini tu, kwa mchinjaji Mwislamu. Siku nyingine nilikula mboga, na mboga za huko si adhabu. Kuna mgagani, ambao wao huuita chinsaga, na mnavu, ambao huuita rinagu. Chinsaga huchemshwa muda mrefu ili kupunguza uchungu, kisha hutiwa maziwa. Huliwa kwa obokima, ugali wa wimbi, mzito na mweusi kidogo. Mzazi aliyejifungua hupewa chinsaga kwa wingi, kama sisi tunavyompa mzazi uji wa pilipili manga. Katika soko la Daraja Mbili tuliwakuta akina mama wameyapanga mafungu ya majani hayo kama nilivyoyaacha, na ndizi mikungu kwa mikungu.

Mavazi, tatu. Mwaka 1986 buibui langu liliwatatiza watu. Baadhi yao walinidhania ni mtawa wa Kikatoliki, wakanipisha kwa heshima na kunipa kiti ndani ya matatu. Leo hakuna anayegeuza shingo. Chuoni tuliwakuta mabinti wenye hijabu kutoka Garissa, Wajir, Nairobi na Pwani. Walimchukua binti yetu, wakamwonyesha mahali wanaposwali na bweni wanalolipenda, nami nikaachwa nimekaa juu ya benchi kama mgeni. Nilifurahi kuachwa.

Siku ya tatu tulikwenda Tabaka, mahali nilipopapenda kuliko pengine popote wakati wa ujana wangu. Huko ndiko linakochimbwa lile jiwe laini ambalo dunia nzima hulijua kwa jina la Kisii. Jiwe likitoka ardhini bado lina unyevu, na hukatika kwa panga kama muhogo. Lina rangi nyingi: nyeupe, kijivu, waridi, na jingine lenye mishipa myekundu. Mafundi wa Tabaka si watu wadogo katika sanaa. Kazi ya mmoja wao, Elkana Ong'esa, imesimamishwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Lakini wageni wengi wakifika hutazama mchongaji, wasitazame yule aliyekaa nyuma yake mbele ya beseni la maji. Huko wanaume huchimba na kuchonga kwa panga, kisu na tupa. Wanawake ndio huosha, hupiga msasa ndani ya maji mpaka jiwe liwe laini, kisha hupaka nta na kung'arisha. Bila mikono yao, kinyago au sahani hubaki jiwe lenye makovu. Niliketi nao wakati ule nikapiga msasa kutwa nzima, ncha za vidole zikachubuka. Nilimwomba fundi anichongee chetezo, kwa kuwa jiwe lile huhimili moto. Hakuwa amepata kuona chetezo, nikamchorea kwa kijiti udongoni. Mama yetu bado hukitia udi kila usiku wa kuamkia Ijumaa.

Nilitumaini kuwakuta akina mama wa Tabaka wamepanda daraja. Nimekuta mabadiliko kiasi. Wapo wanaochonga wenyewe sasa, na wapo wanaouza kwa simu bila kumpitia mchuuzi. Lakini wengi bado wako mbele ya beseni, mikono imekunjana kwa maji, wakilipwa kwa hesabu ya vipande. Machimbo bado huporomoka wakati wa mvua. Binti yetu aliniuliza kwa nini anayekamilisha kitu hupata kidogo kuliko anayekiuza. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, nikamwambia hilo ndilo swali la kwenda nalo darasani.

Siku ya mwisho tulipanda Manga. Ni ukingo mrefu wa mwamba unaoutazama mji wa Kisii kwa juu, na nyuma yake ndiyo Nyamira. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama pale huona upande wa magharibi mng'ao wa Ziwa Victoria. Tulipokuwa wanafunzi tulipanda kwa miguu siku za Jumapili, nami nilikuwa na siri yangu: ule mng'ao ulinipa faraja kwa kuwa niliweza kujidanganya kuwa ni bahari.

Nyuma ya Manga, katikati ya chai, ndiko alikokuwa akikaa mama wa rafiki yangu wa chuoni. Chai ya Nyamira huchumwa kwa mkono, majani mawili na chipukizi, na likizo fupi nilizokosa nauli ya kurudi Mombasa nilizimalizia shambani mwao, kikapu mgongoni. Mama yule hakujua Kiswahili ila maneno machache. Mimi nilijua kusalimu tu: bwakire. Lakini lugha zetu ni za ukoo mmoja. Wao husema omonto, sisi twasema mtu. Wao husema omwana, sisi twasema mwana. Wao enyomba, sisi nyumba. Tulielewana kwa kubahatisha.

Neno moja ndilo lililotupoteza. Kwa Wagusii, baba ni mama. Mtoto akimlilia mama yake huita "baba", na mzazi wa kiume huitwa tata.

Katika mwaka wangu wa pili baba yetu alifariki. Ndugu yangu, huyu huyu aliyenituma safari hii, alikuwa kijana wa shule, naye ndiye aliyeandika telegramu. Ilinifikia baada ya siku tatu: Baba amefariki, tumemzika, maliza mtihani. Rafiki yangu alinichukua kwao jioni ile. Yeye alipokwenda mtoni kuteka maji, mama yake alinikuta nalia, akaniuliza kuna nini. Nikamjibu, "Baba amefariki." Alipiga ukelele, akanikumbatia, akawaita majirani. Akina mama wakaja kutoka kila upande wa kilima, wakaketi nami sakafuni wakimlilia mama yangu, ambaye yu hai mpaka leo, Alhamdulillahi.

Rafiki yangu aliporudi akawaeleza. Wale akina mama hawakuondoka. Mama mwenye nyumba alinishika mkono akasema maneno ambayo bintiye alinifasiria: "Basi huyu baba anaye Mombasa, na baba mwingine anaye hapa." Nililala nyumbani kwake siku tatu. Kila ulipofika wakati wa swala alifagia pembe ya chumba na kunitandikia mkeka mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ameona mara moja tu jinsi ninavyofanya.

Sikumkuta safari hii. Amefariki, na kama ilivyo desturi yao, amezikwa ndani ya mji wake, karibu na nyumba, migomba ikimpa kivuli. Rafiki yangu ni mwalimu mstaafu na bibi wa wajukuu. Tulisimama pale kaburini tumeshikana mikono. Kisha akamgeukia binti wa ndugu yangu akamwambia kwa Kiswahili safi, "Chuoni ni karibu. Siku ukisikia upweke, usisubiri likizo."

Niliporudi Mombasa nilimweleza ndugu yangu yote, mazuri na magumu. Nilimwambia kuwa baridi ya huko hupenya, na kwamba mvua itamkuta binti njiani. Nilimwambia kuwa atakuwa mmoja kati ya wachache, na uchache una mzigo wake: kila atakalofanya watu watasema ndivyo Waislamu walivyo. Nilimwambia pia kuwa kumzuia hakutamlinda na dunia, kutamkawiza tu kuijua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Simu hushika huko?" Nikamjibu kuwa hushika mpaka juu ya Manga. Alinyamaza, nami nilijua anakumbuka telegramu. Halafu akamwambia binti yake atafute sweta nzito.

Wazazi wenzangu, sisemi kila binti apelekwe mbali, wala sisemi kila mji ni Kisii. Kila nyumba inayo hali yake. Ninalosema ni kwamba tusiamue kwa kusikia. Nauli ya kwenda kuona ni ndogo kuliko miaka minne ya elimu itakayopotea. Nendeni pamoja na binti zenu kabla ya muhula kuanza. Utafuteni msikiti, mwulizeni imamu na wake wa msikitini. Waulizeni mabinti walioko chuoni, si wakubwa wa chuo peke yao. Ijueni nyumba moja ya kuaminika ambayo binti anaweza kubisha hodi usiku. Mfundisheni kupika vyakula vitatu na kusimamia fedha zake. Kisha mkabidhini kwa Mwenyezi Mungu, kama mama yetu alivyonikabidhi mimi katika kituo cha gari la moshi mwaka 1986, bila yeye kujua kwamba nyuma ya mlima asiopata kuuona alikuwapo mwanamke aliyekuwa tayari kunitandikia mkeka.

Wabillahi tawfiq.